Homa Isiyongoja Kupambazuka

NDUGU msomaji, fungua kabati la jikoni mwako asubuhi ya leo utazame kipande cha mkate kilichosahauliwa humo tangu katikati ya juma. Huenda ukakuta doa la rangi ya kijani pembeni mwake, lenye manyoya membamba mfano wa pamba. Wako watakaoutupa mkate huo wote, jambo ambalo ndilo bora. Na wako watakaokata kipande chenye doa, kilichobaki wakakinywea chai. Lakini hakuna atakayeogopa. Ukungu tumekwisha kuuzoea. Tunauona katika kuta za vyumba vinavyovuja, katika viatu vilivyofungiwa sandukuni wakati wa masika, na katika mahindi yaliyonyeshewa kabla hayajakauka vizuri.

Hata hivyo, kuna nyumba ambazo ukungu huo tunaoudharau huweza kumwua mtu. Nazo ni nyumba zenye mgonjwa wa saratani ya damu. Leo safu yetu inapenda kuzungumza na jamaa za wagonjwa hao, na pia na wale ambao hawana mgonjwa kama huyo, kwa sababu maradhi hayabishi hodi, na ujuzi wa kuokoa maisha ni heri uwe umepatikana mapema.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo letu. Baba wa nyumba hiyo ni fundi mitambo, mwenye umri wa miaka 34. Alianza kwa kuchoka bila sababu, kutokwa damu kwenye fizi, na kupata mabaka ya rangi ya zambarau miguuni. Alipopimwa damu, na kisha kuvutwa ute wa ndani ya mfupa wa nyonga, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alilazwa, akapewa dawa, akapata nafuu. Sasa amekwisha kupewa mkondo wa pili wa dawa, na madaktari wamemruhusu apumzike nyumbani.

Usiku wa siku ya kumi tangu apewe dawa hizo, mwili wake unakuwa moto. Kikohozi hana, jipu hana, wala hatapiki. Kaka yake mkubwa, aliyekuja kumjulia hali, anasema: "Shemeji, hii ni malaria tu, na huu ndio msimu wa mbu. Nitakwenda hapo duka la dawa nimletee vidonge. Akimeza atalala, na kesho tutaona kumekuchaje."

Mke wa mgonjwa anaikumbuka karatasi aliyopewa hospitali. Lakini ni saa tano za usiku, nauli ya teksi haipo mkononi, na anayesema ni shemeji yake mkubwa anayeheshimiwa. Je, afanye nini? Tutalijibu swali hilo, lakini hapana budi kwanza tueleze ni vita gani vinavyopiganwa ndani ya mwili wa yule fundi.

Kiwanda cha damu

Ndani ya mifupa yetu mna ute laini uitwao uboho. Humo ndimo kilimo kiwanda cha damu, nacho hufanya kazi usiku na mchana bila likizo. Kiwanda hicho hutoa chembe za aina tatu. Chembe nyekundu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Chembe sahani huziba mahali palipochanika ili damu isiendelee kutoka. Na chembe nyeupe ndizo askari wa mwili.

Askari hao nao wana vikosi mbalimbali. Kikosi kilicho mbele kabisa, kinachokimbilia mahali adui alipoingilia, ni cha chembe ziitwazo nyutrofili. Chembe hizi haziishi sana. Zikishaingia katika damu hukaa kwa saa kadhaa au siku moja hivi, kisha huingia katika nyama za mwili kufanya kazi yake na kufa. Kwa sababu hiyo uboho wa mtu mzima hulazimika kutengeneza kiasi cha nyutrofili bilioni 100 kila siku. Kiwanda kikisimama kwa siku chache tu, ghala huwa tupu.

Saratani ya damu ni ugonjwa wa kiwanda hicho. Chembe changa zisizokomaa huzaliana ovyo, zikajaa kila pembe ya uboho hata chembe nzima zikakosa nafasi ya kutengenezwa. Ndiyo maana mgonjwa huweza kupimwa akaonekana ana chembe nyeupe nyingi mno, na jamaa zake wakafurahi wakidhani kinga yake imeongezeka. Wingi huo ni wa bure. Ni kama kiwanda kilichojaa watu wasiojua kazi huku mafundi wamefungiwa nje ya lango.

Kisha huja matibabu. Dawa za saratani ni kali, nazo hazina macho ya kutofautisha vizuri chembe mbaya na chembe njema zinazozaliana kwa haraka. Zinapoufagia uboho huondoa vyote viwili. Kwa wagonjwa wengi idadi ya nyutrofili hushuka kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, kisha huanza kupanda tena. Kwa wale wenye saratani ya damu iliyo kali zaidi hali hiyo huweza kuendelea kwa majuma matatu au zaidi. Hivyo mgonjwa hupungukiwa na askari mara mbili: kwanza kwa ugonjwa wenyewe, na pili kwa dawa inayomponya.

Mtu mzima mwenye afya huwa na nyutrofili kati ya 1,500 na 7,000 hivi katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Sisi tulio na asili ya Afrika wengi wetu huwa na idadi iliyo chini kidogo ya hiyo, nasi tu wazima kabisa, kwa hiyo mtu asifadhaike kwa kuona 1,300 katika karatasi yake. Lakini idadi ikishuka chini ya 500 hatari huanza kwa kila mtu, awe wa asili yoyote. Na ikishuka chini ya 100 mgonjwa huwa kama mji usio na mlinzi hata mmoja.

Maadui watatu

Mji usio na mlinzi huvamiwa na wengi. Wa kwanza kuingia aghalabu ni bakteria, ambao huweza kumwangusha mgonjwa katika muda wa saa chache. Kuvu huja nyuma yao, hasa pale ambapo ukosefu wa askari umeendelea kwa zaidi ya juma moja. Kuvu zenyewe ni nyingi, lakini yatosha tuzifahamu jamii tatu.

Ya kwanza ni kandida. Hii haitoki mbali, kwani huishi katika vinywa na matumbo ya watu wengi wazima bila kuwadhuru. Dawa za saratani zinapochubua ngozi laini ya kinywa na utumbo, na dawa za kuua bakteria zinapowaondoa majirani waliokuwa wakiibana, kandida hupata nafasi. Huanza kwa utando mweupe mdomoni mfano wa maziwa yaliyoganda, mgonjwa akaumia anapomeza. Ikipenya hadi kwenye damu, au ikipitia kwenye mpira uliowekwa katika mshipa, huweza kufika kwenye ini, wengu, figo na hata macho.

Ya pili ni aspajilasi, nayo ndiyo inayoogopwa zaidi na madaktari wa saratani ya damu. Jina lake lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa mjini Florence, Italia. Alipoitazama kwa hadubini aliona umbo lake linafanana na kifaa ambacho mapadri hunyunyizia maji ya baraka. Kuvu hii huishi katika udongo, majani yanayooza, nafaka zenye unyevu na vumbi la majengo. Mbegu zake ni ndogo mno, hata ukizipanga elfu moja katika mstari mmoja hazitazidi kiasi cha milimita tatu. Kila mmoja wetu huvuta mamia ya mbegu hizo kila siku bila kujua. Chembe za ulinzi zilizomo mapafuni huzila, na zile zinazoponyoka zikaanza kuota hukutana na nyutrofili. Asipokuwapo wa kuzizuia, mbegu huchipua nyuzi, nyuzi zikatoboa mishipa ya damu ya mapafu na kuiziba. Sehemu ya pafu iliyokosa damu hufa. Ndipo mgonjwa hupata maumivu makali anapovuta pumzi, na pengine hukohoa damu.

Ya tatu ni jamii ya mukori, ndugu wa ule ukungu mweusi wa mkate. Hii hupenda kuingilia puani na kushambulia mifupa ya uso. Uso ukivimba upande mmoja, jicho likauma au likafunga, au pua ikatoa magamba meusi, hapana nafasi ya kusubiri hata saa moja. India ilishuhudia maelfu ya wagonjwa wa kuvu ya jamii hii wakati ugonjwa wa Korona ulipopamba moto, yaani mwaka 2021, wengi wao wakiwa watu wenye kisukari.

Yafaa ieleweke kwamba kuvu ya mapafu haimwambukizi mtu kutoka kwa mwenzake. Mke hawezi kuipata kwa kulala chumba kimoja na mumewe, wala mtoto hawezi kuipata kwa kupakatwa na baba yake. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumtenga mgonjwa kama mwenye ukoma wa zamani, wala asitokee wa kunong'ona kwamba amerogwa kazini. Hapa hakuna mchawi. Kuna kuvu, na kuna upungufu wa askari.

Walichohesabu madaktari

Huenda msomaji akauliza: mbona wazee wetu hawakutuambia habari za ugonjwa huu? Jibu lake ni la kusikitisha kidogo. Zamani mgonjwa wa saratani ya damu hakuishi muda wa kutosha kupatwa na kuvu. Alikufa upesi kwa ugonjwa wenyewe, kwa kutokwa damu, au kwa bakteria.

Dawa ya kwanza iliyowapa nafuu watoto wenye saratani ya damu ilielezwa na Sidney Farber, mjini Boston, Marekani, mwaka 1948. Mwaka 1965 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani iliyoko Bethesda, karibu na mji wa Washington, walitoa taarifa ya wagonjwa 414 waliofariki kwa saratani ya damu kati ya miaka 1954 na 1963. Walikuta vifo vya kutokwa damu vimepungua, kwa kuwa mgonjwa aliweza kuongezewa chembe sahani. Vifo vya baadhi ya bakteria navyo vilipungua kwa sababu ya dawa mpya. Lakini vifo vya kuvu vilikuwa vimeongezeka. Kila mlango uliofungwa ulikuwa umemwachia adui huyu mlango wake.

Mwaka uliofuata, yaani 1966, Gerald Bodey na wenzake wa hapo hapo Bethesda walitoa matokeo ya kazi iliyoonekana nyepesi lakini iliyobadili matibabu ya dunia nzima. Walizihesabu chembe za wagonjwa 52 siku baada ya siku, wakalinganisha hesabu hizo na siku ambazo wagonjwa walishikwa na maambukizo. Wakaona mambo mawili. La kwanza, kadiri idadi ya askari inavyoshuka ndivyo maambukizo yanavyozidi. La pili, na ndilo la kukumbukwa zaidi katika habari za kuvu, ni kwamba urefu wa siku zenye upungufu una uzito sawa na upungufu wenyewe. Mlinzi akisinzia usiku mmoja, mwizi huenda asijue. Akisinzia majuma matatu, mwizi atajua tu.

Dawa iliyotoka udongoni

Mwenyezi Mungu hakuuumba udongo uwe na sumu tu. Kuvu hutoka udongoni, na dawa zake za kwanza zilitoka humo humo.

Wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen aliyekuwa New York na Rachel Brown aliyekuwa Albany, walifanya kazi pamoja kwa njia ya posta. Hazen alikusanya udongo wa sehemu mbalimbali, akatafuta ndani yake vijidudu vyenye uwezo wa kuua kuvu, akavituma ndani ya chupa kwa mwenzake. Brown alichuja dawa iliyomo na kumrudishia aipime. Katika udongo wa shamba moja la ng'ombe huko Virginia ndimo walimopata dawa waliyoitangaza mwaka 1950, ambayo leo twaijua kwa jina la nistatini. Mama wengi wanaifahamu, kwani ndiyo inayotiwa katika vinywa vya watoto wachanga wenye utando mweupe. Dawa hiyo ilileta zaidi ya dola milioni 13, na wanawake hao hawakujitajirisha kwa fedha hizo bali waliziacha ziendeleze utafiti wa sayansi.

Nistatini, hata hivyo, haiwezi kutiwa katika mshipa wa damu, kwa hiyo haimsaidii mwenye kuvu ya mapafu. Katikati ya miaka ya 1950 ilipatikana nyingine, amfoterisini, kutoka katika udongo wa Venezuela karibu na mto Orinoco. Hii ilitiwa mshipani, nayo iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini ilikuwa dawa yenye adhabu. Mgonjwa alitetemeka, akapandwa na homa, na figo zake zikaweza kuharibika. Baadaye ilitengenezwa namna nyingine iliyofungwa ndani ya vijitone vya mafuta, ambayo huziumiza figo kidogo kuliko ile ya awali.

Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyolinganisha amfoterisini ya zamani na dawa mpya, vorikonazoli, kwa wagonjwa wa aspajilasi. Baada ya majuma 12, katika kila wagonjwa 100 waliotumia vorikonazoli walikuwa hai 71. Kwa upande wa amfoterisini walikuwa hai 58. Mwaka 2007 ikaonekana pia kwamba wagonjwa wa saratani kali ya damu wakipewa posakonazoli kabla ya kuugua, wanaopatwa na kuvu ni wawili katika kila mia, ambapo kwa dawa za kinga za zamani walikuwa wanane. Na mwezi Oktoba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, na aspajilasi na kandida ziliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Basi dawa zipo, ingawa bei ya baadhi yake bado ni mzigo mzito kwa mwananchi wa kipato cha chini. Lakini hakuna dawa, iwe ya bei gani, inayoweza kumsaidia mgonjwa aliyeletwa hospitali siku nne baada ya wakati wake.

Dalili ya mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ugonjwa huu mawingu ni machache mno, na hapo ndipo penye mtego.

Mtu mwenye kinga kamili akipata maambukizo huvimba, hutoa usaha, hukohoa makohozi mazito. Vitu hivyo vyote si adui mwenyewe, bali ni alama za askari wetu wanaopigana. Usaha ni maiti za nyutrofili. Sasa mgonjwa asiye na nyutrofili atatoa wapi usaha? Pafu lake laweza kuwa limeshikwa, na bado asikohoe sana. Hata picha ya kawaida ya kifua huweza kuonekana safi katika siku za mwanzo. Mara nyingi alama moja tu hubaki, nayo ni homa.

Kwa hiyo homa ya mgonjwa wa saratani ya damu si kama homa ya mtu mwingine. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 na kubaki hapo kwa saa moja, au kikifika 38.3 hata mara moja tu, hiyo ni dharura sawa na ajali ya barabarani. Pia mgonjwa anayetetemeka kwa baridi, anayehema, au anayechanganyikiwa apelekwe hata kama hana homa.

Sisi tunaoishi katika nchi za mbu tuna desturi yetu. Mtu akichemka, neno la kwanza ni malaria. Desturi hiyo haikutoka hewani, kwani malaria imetumaliza watoto wengi. Na mgonjwa wa saratani ya damu naye huweza kuumwa na mbu kama mtu mwingine yeyote. Lakini kipimo cha malaria na kifanyike huko huko hospitali, huku dawa za kuua bakteria zikianza kuingia mshipani. Madaktari hutaka dawa hizo zianze katika muda wa saa moja tangu mgonjwa afike. Hata kikionekana kidudu cha malaria, hilo si hakikisho kwamba hakuna adui mwingine aliyejificha nyuma yake.

Homa ikiendelea kwa siku nne hadi saba ingawa mgonjwa anapata dawa za bakteria, madaktari huanza kuitafuta kuvu. Hupima damu, na hupiga picha ya mapafu kwa mashine ya kompyuta, ambayo huona madoa yasiyoonekana katika picha ya kawaida. Mara nyingi hawangoji uthibitisho kamili ndipo waanze dawa ya kuvu. Hayo yanatokana na kazi ya Philip Pizzo na wenzake, ambao mwaka 1982 walionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo waliopewa amfoterisini mapema walipatwa na kuvu kwa uchache kuliko waliosubirishwa. Jamaa wasishangae basi daktari akisema, "Tunamtibu kuvu ingawa hatujaiona." Hakisii ovyo. Anajua kwamba akingoja kuiona, atakuwa amechelewa.

Nyumbani kwa mgonjwa

Yako mambo ambayo jamaa wanaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, kipimajoto kiwepo nyumbani, na mtu mmoja ajue kukisoma. Kitumike kinywani au kwapani; kisiingizwe njia ya haja kubwa, kwa kuwa huweza kuchubua na kuingiza wadudu.

Pili, mgonjwa asipewe vidonge vya kushusha homa kabla ya kupimwa joto na kabla ya hospitali kuarifiwa, maana vidonge huficha ile alama moja tuliyo nayo. Aspirini asipewe kabisa bila amri ya daktari, kwani huzidisha kutoka damu. Wala asichomwe sindano ya msuli katika duka la dawa.

Tatu, vumbi lipungue. Anayefagia anyunyize maji kwanza au apanguse kwa kitambaa kibichi, na mgonjwa awe amekwisha kuhamia chumba kingine. Kama jirani anabomoa ukuta au mnajenga banda, mgonjwa akakae kwa ndugu kwa siku hizo ikiwezekana. Asipepete nafaka, asisafishe banda la kuku, asichimbe bustani, wala asilale chumba chenye ukuta ulioota ukungu. Anapokwenda hospitali kupitia mahali penye ujenzi na avae barakoa. Hospitali zinazotibu ugonjwa huu katika nchi tajiri huweka vyumba vyenye vichujio vya hewa kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tusio na vichujio tuna ndoo ya maji na kitambaa, navyo si haba.

Nne, chakula kiwe kimepikwa kikaiva, na matunda yaoshwe vizuri na kumenywa. Mkate, karanga au unga wenye ukungu utupwe wote. Lakini tusimshindishe mgonjwa njaa kwa kumkataza kila kitu. Lishe njema na mikono iliyooshwa kwa sabuni ndivyo vitu vinavyomfaa.

Tano, majani makavu na unga wa mizizi, ambavyo wageni huleta kwa nia njema ili anuse, anywe au ajifukize, huweza kubeba mbegu za kuvu. Mletaji ashukuriwe kwa upendo wake, na mzigo uwekwe kando mpaka daktari aulizwe.

Sita, kinywa cha mgonjwa kitazamwe kila siku kwenye mwanga. Utando mweupe, vidonda, au maumivu ya kumeza yatolewe taarifa mapema.

Saba, na hili ndilo kubwa: nauli ya hospitali iwekwe kando siku ile ile mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Ifungwe katika bahasha pamoja na karatasi ya hospitali, namba ya simu ya wodi, na namba ya dereva aliyekubali kuamshwa usiku. Bahasha hiyo isiguswe kwa sukari wala kwa mkaa. Imekusudiwa kununua wakati, na wakati ndicho kitu ambacho mgonjwa huyu hana.

Sasa turudi katika ile nyumba ya fundi wetu. Saa tano za usiku zimepita. Mkewe anasimama, anavuta khanga yake begani, anasema kwa adabu lakini bila kuyumba: "Shemeji, ninakuheshimu, na kama ni malaria wataiona huko huko. Lakini daktari alisema homa yake hailali nyumbani. Naomba unisaidie kumshika mkono, gari liko njiani."

Shemeji anayempenda ndugu yake hatakasirika kwa maneno hayo. Atavaa viatu. Naye akikaa kwenye benchi la hospitali alfajiri, akimwona mdogo wake ametundikiwa chupa ya dawa ya kwanza, atafahamu kwamba ukubwa katika ukoo si kusema neno la mwisho tu. Ni pamoja na kukubali kuamshwa.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu usiutupe wala usifungie maandazi. Mpelekee jirani mwenye mgonjwa wa namna hii, umsomee sehemu ile ya bahasha, na kama unaweza, mchangie nauli iliyomo ndani yake. Tuonane Jumapili ijayo.